Jiwe la Chini ya Kuku

Ukifika Iguguno ukauliza nyumba ya Luciana, watakuuliza Luciana gani, maana wako wengi. Ukisema wa kuku, hata mtu aliyelewa tangu asubuhi atakunyooshea kidole bila kukosea. Ni mama wa miaka sitini na kitu, mfupi, mwenye sauti ya kuitia kuku hata akiongea na watu. Kuku wake wamesafiri kuliko yeye. Wamepanda mabasi wakiwa kwenye matenga, wamefika Dodoma, wamefika Dar es Salaam, na yeye mwenyewe safari yake ndefu kuliko zote ni ya kwenda Singida mjini kumzika mjomba.

Huyu mama si mtu wa kuchanganyikiwa hovyo. Kideri, ule ugonjwa wa kuku, kilipopita mwaka fulani na kuacha banda tupu, alikaa chini, akalia kidogo, akaazima tetea mmoja kwa jirani, akaanza upya. Mumewe Antipasi alipofariki, mwaka juzi wakati wa mavuno ya alizeti, alilia sana, kisha akarudi shambani kwa sababu ndege walikuwa wanamaliza mbegu. Kwa hiyo majirani walipomwona safari hii ameketi mlangoni, jiwe mapajani, kuku wamemzunguka wanadai chakula na yeye hawasikii, walijua kuna jambo. Walichokosea ni jambo lenyewe.

Mambo yalianza na dada wa maji. Jina lake Faith, binti mwembamba mwenye buti kubwa, mtaalamu wa miamba aliyekuja na wenzake kupima mahali pa kuchimba kisima cha kijiji. Walikuwa wanavuta nyaya zao mashambani kutwa nzima, na Luciana, ambaye haamini kwamba mtu anaweza kufanya kazi ya maana bila yai tumboni, akawa anawachemshia mayai. Siku moja yakapungua. Luciana alikuwa anahangaika na moto, kuni mbichi, moshi umemjaa machoni, akamwambia Faith aende mwenyewe bandani, kwenye kiota cha kona, chini ya yule kuku kishingo asiye na manyoya shingoni.

“Anadonoa?” Faith aliuliza.

“Anadonoa. Usimwonyeshe kwamba unamwogopa.”

Faith akaenda. Kuku akapiga kelele, Faith akapiga kelele, kisha pakawa kimya. Kimya kilipozidi Luciana aliacha moto, akatoka kwenda kuona kama kishingo ameua mtu. Alimkuta binti amechuchumaa ndani ya banda, magoti yamejaa kinyesi, mayai ameyasahau kabisa, ameshika jiwe la kiotani analigeuza geuza kwenye mwanga wa mlango.

Anayefuga kuku wa kienyeji hahitaji kuelezwa jiwe linafanya nini kiotani. Ukiokota mayai yote kuku anahama, anakwenda kutaga kwenye vichaka. Ukimwachia kitu cha mviringo anadhani bado ana yai, anarudi pale pale. Wengine huacha yai bovu. Luciana aliacha jiwe, na jiwe lenyewe lilikuwa zuri kupita kiasi kwa kazi hiyo, la rangi ya maziwa yaliyoungua, mviringo kama andazi, na juu yake lina nyota ya ncha tano iliyochorwa kwa vitundu vidogo vidogo, kama mtu aliyeshona kwa sindano kisha akatoa uzi.

“Mama,” Faith alisema, “hiki ni kisukuku!”

“Ndiyo,” Luciana akajibu. “Kishingo. Si nilikwambia?”

“Hapana, mama, sisemi kuku. Nasema kisukuku.”

“Kisu cha kuku?”

“Ki-su-ku-ku.”

Luciana akafikiri. Kuku kishingo anamjua. Kuchi anamjua, mrefu na mgomvi. Wenye kishungi kichwani anawajua, na wale wa kisasa anawajua pia ingawa anawadharau. Kisukuku hakuwahi kumsikia tangu azaliwe, na kama kuna kuku anayefugwa kwa watu na Luciana wa Iguguno hajamsikia, basi ni wa nchi za nje.

“Anataga?” akauliza.

Faith alicheka mpaka akakaa kabisa pale chini kwenye kinyesi, na Luciana akaanza kukasirika, maana hakuona kichekesho. Ndipo binti akajikaza, akaeleza. Kisukuku, alisema, ni kiumbe cha zamani kilichokufa, kikafunikwa na tope, na muda mrefu ulipopita kikageuka jiwe. Neno lina kuku ndani yake kwa bahati tu, kuku mwenyewe hahusiki. Huyu hapa alikuwa mnyama wa baharini. Mwili mzima alikuwa na miiba kama nungunungu, akitambaa kwenye sakafu ya bahari anakula tope. Miiba imekwisha, limebaki gamba. Vile vitundu vya nyota ndimo alimotolea viguu vyake, vyembamba kama nyuzi.

“Ndugu zake wa mbali wapo baharini hata leo,” Faith alisema. “Ila ukoo wa huyu umekwisha wote, mama. Ulikwisha kabla hajazaliwa mtu yeyote duniani.”

Katika maneno yote hayo Luciana alishika moja tu, nalo lilimfunga uso.

“Kwamba ni la baharini najua,” alisema. “Nimejua miaka mingi. Lete hayo mayai, maji yanachemka.”

Hapa inabidi turudi nyuma, maana bila kurudi nyuma mtu atamwona Luciana hana adabu kwa mgeni.

Antipasi alipokuwa kijana alikwenda Lindi kufanya kibarua cha barabara. Alikaa huko misimu kadhaa, akarudi mwaka ule watu walipokuwa wanakula mahindi ya njano ya msaada, akaja kumposa Luciana. Wengine waliporudi kutoka vibarua walileta vitenge na redio. Antipasi alileta jiwe, limefungwa kwenye leso. Alimwambia alilitoa mlimani, mbali sana na pwani, walipokuwa wanapasua mawe ya kujengea barabara, na kwamba lilikuwa ndani ya jiwe kubwa kama kiini ndani ya yai. Akataka kuendelea. “Kule mlimani,” alisema, “siku ile nilipotaka kutoroka kazi...” Lakini shangazi wa Luciana akaingia na maji ya kunawa, na mchumba mwenye adabu hasimulii hadithi zake mbele ya shangazi. Luciana hakujali. Alikuwa na miaka ishirini, kijana alikuwa na mabega mapana, hadithi ingesubiri.

Jiwe lilikaa kabatini, juu ya kitambaa alichofuma mwenyewe. Kisha siku moja akalichukua kwenda nalo kliniki, akiwa na mimba ya kwanza, ili alishike uchungu ukianza. Pale alikuwapo mtawa mmoja, Sista Redempta, aliyewahi kuishi Bagamoyo. Sista aliliona, akafurahi kama mtu aliyekutana na jirani wa kwao. Vitu hivi, alisema, tulikuwa tunaviokota ufukweni jioni tukitembea, vyeupe, vina nyota hivi hivi. Ufukweni, sista? Ufukweni, mwanangu, kwenye mchanga, wapi tena?

Maneno ya sista peke yake pengine yangepita. Lakini mwaka huo huo, kwenye harusi ya binamu, shemeji yake Gasto, mdogo wa Antipasi, alikunywa pombe ya uwele ikampanda, akasimama na kutangaza mbele ya watu kwamba kaka yake mwili uko Iguguno lakini moyo aliuacha pwani, kwa mama mmoja mwenye kanga za kunukia. Watu wakacheka. Antipasi akacheka. Luciana hakucheka. Aliweka la sista na la shemeji pamoja, na jibu likaja lenyewe. Mlima haukuwapo. Ulikuwapo ufuko, jioni, watu wawili wanatembea, na mmoja wao anainama kuokota kitu chenye nyota. Kisha kitu hicho hicho kikaja kuposea mke bara.

Hakugombana. Laiti angegombana. Alirudi nyumbani, akatoa jiwe kabatini, akalitia chini ya kuku.

Antipasi alilikuta kesho yake alipokwenda kuokota mayai. Luciana alikuwa anapepeta mtama, akamtazama kwa pembeni. Mwanamume alisimama pale mlangoni mwa banda, akaliangalia jiwe, akamwangalia mkewe, akataka kusema neno. Hakusema. Akalipangusa kwa pindo la shati, akalirudisha chini ya kuku. Na tangu siku hiyo mpaka alipougua, kila alipookota mayai alilipangusa jiwe kwanza. Luciana aliona, akasema moyoni, ona anavyolipapasa, anamkumbuka huyo wake.

Waliishi vizuri, asije mtu akafikiri vingine. Walilima, walizaa, walisomesha, walicheka. Ila kulikuwa na mlango mmoja nyumbani mle ambao Luciana alikuwa amekaa mbele yake. Antipasi alikuwa hachoki kujaribu. Wamekaa wamekula, mvua inanyesha, anaanza: “Kule mlimani, siku ile nilipotaka kutoroka kazi...” Luciana anamwambia chai inapoa. Siku nyingine anamwambia akafunge banda kwanza. Siku nyingine, Antipasi, alizeti zinalowa. Hata wodini, siku za mwisho, alimshika mkono akaanza tena, “Kule mlimani,” na Luciana akamwambia pumzika, baba, usijichoshe kwa maneno. Siku hiyo hakusema kwa hasira. Alisema kwa sababu mumewe alikuwa anapumua kwa shida.

Sasa rudi kwa Faith, aliyemaliza yai lake la pili na bado hajaliachia jiwe.

“Lakini mama, mlilipata wapi? Huku kwenu ni matale matupu, mawe yasiyotokana na bahari. Visukuku vya bahari huku havipo.”

“Marehemu mume wangu alitoka nalo Lindi. Ufukweni.”

Faith akatikisa kichwa, kwa heshima lakini akatikisa. “Ufukweni hapana. Wale wa ufukweni ni maganda matupu ya waliokufa juzi. Mepesi, mama. Ukiyabana kidogo yanavunjika kama ganda la yai. Hili lingekuwa la hivyo, lingekaa chini ya kuku hata wiki? Lipime kwa mkono.”

Luciana hakuwa na haja ya kulipima. Alilijua uzito.

“Hata kama mawimbi yangelitupa ufukweni lingesuguliwa likawa laini. Angalia huku chini, bado lina kipande cha mwamba, na hii ni alama ya patasi au nyundo. Mtu alilipasua kutoka ndani ya jiwe kubwa. Huko Lindi, bara ndani, mbali na maji, vilima vingine vina mawe ya hivi. Huyu ametolewa mlimani.”

“Mlimani,” Luciana alisema.

“Mlimani kabisa.”

“Mnyama wa baharini akafuata nini mlimani?”

Binti akaeleza tena, vizuri tu, lakini kichwa cha Luciana kilikuwa kimeanza kuzunguka. Bahari ilikuwapo pale, ikaondoka. Iliondoka kwenda wapi? Ilirudi nyuma, na ardhi ikanyanyuka. Nani aliinyanyua? Luciana akakumbuka ziwa la Singida, maji ya chumvi, akauliza kama ile ndiyo bahari iliyosahaulika njiani. Hapana, mama, chumvi ya Singida ni habari nyingine, maji yanaingia hayatoki, jua linayakausha. Basi kumbe chumvi si bahari, na mlima ndio bahari. Luciana akasema ndiyo, ndiyo, kama mtu anavyowaitikia wageni, na Faith alipokwenda kwenye nyaya zake alimwacha mama wa watu ameketi mlangoni, moto umezimika, hajui ashike lipi aache lipi.

Mlimani. Ndani ya jiwe kubwa kama kiini ndani ya yai. Neno kwa neno.

Habari Iguguno hazitembei, zinapanda bodaboda. Mmoja wa vijana wa nyaya alisema dukani kwamba bandani kwa Mama Luciana kumeonekana kisukuku, na kabla ya jioni ilikuwa imeshakuwa yai la kuku wa kale, kabla ya Adamu. Asubuhi watu wakaanza kuja. Mmoja aliuliza kama linaweza kuanguliwa. Mwingine alitaka tetea wake alilalie hata siku mbili tu apate mbegu. Luciana aliwajibu wote kwamba ni nungunungu. Wakaondoka wakinong’ona kwamba msiba umemrudia.

Kisha akaja Gasto. Sasa ni mzee mwenye mvi, fundi wa baiskeli pale njia panda, pombe aliacha alipookoka.

“Shemeji, nasikia una yai.”

“Kaa hapo,” Luciana alimwambia, bila hata karibu. “Nijibu swali. Yule mwanamke wa Lindi aliitwa nani?”

“Mwanamke gani?”

“Wa kanga za kunukia. Uliyemtangaza harusini.”

Gasto alikuna kichwa, anatafuta. Luciana aliona uso wake unatafuta kweli, akaanza kuliogopa jibu kabla hata halijaja.

“Nilisema hivyo?”

“Mbele ya watu wote.”

“Shemeji, mimi nilikuwa hapa nachunga ng’ombe wa baba. Lindi sijafika mpaka leo. Ningemjua wapi mwanamke wa Lindi?” Akajaribu kucheka, akaona haiwezekani. “Zilikuwa pombe. Kila aliyetoka pwani tulimtania hivyo. Kwani wewe uliliweka moyoni?”

Luciana alijiuliza amwamini Gasto wa leo aliyeokoka, au Gasto wa siku ile aliyelewa, maana walevi wakati mwingine husema kweli. Akajiuliza pia kama jiwe linamjua mwanamke. Jiwe lilikuwa limesema mlima tu, la mwanamke halikusema ndiyo wala hapana. Lakini yeye alikuwa amevijenga vyote viwili, ufuko na mwanamke, kwa tofali moja, na tofali hilo sasa lilikuwa mapajani mwake. Alimwonea Antipasi huruma. Alimkasirikia vilevile. Kwa nini hukunishika mabega ukaniambia nyamaza, mwanamke, nisikilize? Kwa nini ulipangusa tu?

“Gasto,” akasema. “Kule mlimani ilikuwaje?”

“Mlimani wapi?”

“Siku ile alipotaka kutoroka kazi. Alitaka kutoroka kwa nini? Ikawaje hakutoroka? Jiwe lilitokea kabla au baadaye?”

Gasto alivua kofia, akaikunja mkononi. “Hilo nilimuuliza mimi, alipokuwa ndiyo kwanza amerudi. Alikataa kunisimulia. Alisema hiyo nimeiweka ya mke wangu.” Akamtazama shemeji yake. “Mimi nilijua wewe unayo.”

Luciana aliinuka, akaingia ndani. Gasto alingoja, kisha akaona haya kungoja, akaenda zake.

Siku hiyo hiyo Luciana alilisugua jiwe kwa sabuni na mswaki mpaka nyota ikang’aa, akatandika kitambaa kabatini, akaliweka pale lilipokuwa zamani. Faith alipopita kuaga aliliona, akafurahi, akaomba kulipiga picha, akasema ni kitu cha kutunzwa, na watu wa makumbusho wangependa kuliona siku moja. Luciana alisema waje tu. Akamfungashia mayai ya njiani. Hakumweleza lolote, maana angeanzia wapi?

Aliyekataa mpango huo ni kishingo. Alirudi kiotani, akachungulia, akakuta patupu. Akazunguka banda analia, akatoka, akaingia jikoni analia, akapanda juu ya mtungi, akashuka. Kesho yake hakutaga. Siku iliyofuata Luciana alimkuta amejichimbia chini ya mibono nyuma ya choo, anataga huko kama kuku asiye na kwao.

“Na wewe unaliliaje cha watu?” Luciana alimfokea. Lakini jioni alifungua kabati.

Aliingia bandani ameinama, jiwe mkononi, kishingo anamfuata nyuma. Kabla ya kuliweka alilipangusa kwa pindo la kanga, polepole, kitundu kwa kitundu, ingawa halikuwa na uchafu wowote. Akalitia kiotani. Kuku akapanda, akalisukuma kwa mdomo mpaka likakaa anavyotaka, akalilalia. Luciana hakuondoka. Alichuchumaa pale pale alipochuchumaa yule binti. Mtu wa kumwambia alichokuwa nacho moyoni hakuwapo, na kuku ndiye aliyekuwa karibu.

“Kule mlimani,” akaanza, “siku ile nilipotaka kutoroka kazi...”

Kishingo aliinamisha kichwa upande mmoja, akimtazama kwa jicho moja, anasubiri. Luciana naye akasubiri.